Jipu Langu na Askari wa Mwili

Wanachama wenzangu, muhula uliopita nilitokwa na jipu pajani. Nikaliminya kwa kucha nikidhani nautoa ugonjwa. Kesho yake mguu ulikuwa umefura hadi gotini, homa imepanda, na muuguzi akanigombeza sawasawa. Ndipo nikamwendea mwalimu wa Bayolojia: huu usaha ni kitu gani hasa?

Jipu mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye stafilokoka, ambaye hukaa tu ngozini bila neno mpaka apate mwanya. Akiingia, chembe zilizoko hapo hupiga mbiu kwa kemikali. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuvujisha maji. Pahali hapo pakawa na moto, pakavimba, pakauma. (Wekundu pia huwepo, ila kwa ngozi zetu hauonekani sana.) Kisha chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili hutoka katika damu mbio mbio, zikawameza bakteria na kuwamwagia sumu. Taabu ni kwamba sumu hiyo haichagui; nyama yetu nayo huungua. Usaha, basi, ni nyutrofili zilizokufa, bakteria na nyama iliyoyeyuka. Kandokando mwili hujenga ukuta ili adui asitapakae. Ukuta huo ndio nilioubomoa kwa kucha!

Sasa nani huuzima moto huu? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hufifia wenyewe adui akiisha. La hasha, huzimwa kwa makusudi. Mwaka wa 1984, Charles Serhan, Mats Hamberg na Bengt Samuelsson walieleza kemikali ziitwazo lipoksini, ambazo baadaye zilionekana kuzuia nyutrofili mpya zisije. Halafu huja makrofaji, chembe kubwa zenye ulafi, kuzoa maiti. Hapa ndipo niliposhangaa kweli: makrofaji zikishameza nyutrofili zilizokufa, hubadili lugha. Huacha kuita askari, zikaanza kutoa kemikali za kutuliza na kuponya kidonda. Maiti zisipozolewa hupasuka, sumu iliyobaki ikamwagika, na uvimbe ukaendelea hata kama bakteria wamekwisha.

Kwa hiyo jipu likikutoka, likande kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya vuguvugu, mara tatu nne kwa siku. Likizidi kukua, au homa ikija, nenda zahanati upesi. Langu lilipasuliwa na daktari. Kovu bado lipo. Asiyeamini aje bwenini alitazame.