Somo la Robo Hii: Chokaa Katika Udongo wa Mfinyanzi



Katika maandalizi ya bajeti, baadhi ya kamati zimeomba fedha za kununua chokaa kwa ajili ya mashamba ya mabondeni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wenzetu wa Sweden wanaitumia kuzuia mbolea isisombwe na mvua. Ni kweli wanaitumia. Lakini kabla ya kupeleka ombi hilo kwa wafadhili, ni vema tuelewe wanafanya nini hasa, maana chokaa yao si ile tuliyoizoea sisi.

Tatizo lao ni Bahari ya Baltiki, ambayo imezungukwa na nchi tisa na ambayo maji yake hubadilika polepole sana. Fosforasi inayotoka mashambani na kwenye maji taka hurutubisha mwani. Mwani ukifa na kuoza, hutumia oksijeni iliyomo majini, na viumbe wa chini hukosa hewa. Mwaka 2007 nchi hizo zilikubaliana mpango wa pamoja wa kupunguza uchafuzi huo, na mpango ukahuishwa mwaka 2021. Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria, ambao wamehangaika na magugu maji, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa udongo unahusikaje? Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, na chembe za mfinyanzi ni ndogo mno kiasi kwamba huelea majini muda mrefu bila kuzama. Ukiona maji yenye rangi ya chai ya maziwa yakitoka shambani, jua yamebeba na mbolea. Huko Sweden sehemu kubwa ya maji hayo haipiti juu ya ardhi. Hupenya kwenye nyufa za udongo hadi kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya shamba, na kutoka hapo huenda mtoni.

Wanachotumia ni chokaa iliyochomwa tanurini, au iliyochomwa kisha ikazimwa kwa maji, ikichanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kalsiamu yake hukusanya chembe za mfinyanzi kuwa vibonge vidogo. Baadaye chokaa humenyuka na madini ya mfinyanzi wenyewe na kufanya kitu kinachogandisha, mfano wa saruji. Mafundi wa barabara wanaifahamu kazi hii, kwani nao huchanganya chokaa katika udongo wa mfinyanzi ili kuuimarisha. Vibonge vikishikamana, mvua haivivunji kwa urahisi, na fosforasi hubaki shambani. Karibu na ziwa Bornsjön, ambalo ni akiba ya maji ya kunywa ya jiji la Stockholm, watafiti walijaribu njia hii kwenye mfinyanzi mzito wenye nyufa, na fosforasi iliyotoka kwenye mabomba ikapungua.

Mawe ya chokaa yaliyosagwa peke yake, yaani chokaa ya kilimo inayouzwa kwetu, hayafanyi kazi hiyo ya kugandisha. Kazi yake ni kupunguza uchachu wa udongo. Ni kazi muhimu, kwa kuwa udongo wenye uchachu mwingi hufungia fosforasi isiifikie mizizi, na maharage ni ya kwanza kulalamika. Lakini hayo ni mambo mawili tofauti, na ombi la fedha lisiyachanganye.

Tuangalie pia hesabu. Kiwango cha Sweden ni kati ya tani 5 na 8 kwa hekta, yaani mifuko 40 hadi 64 ya kilo 50 kwa ekari moja. Lazima ichanganywe na udongo mapema, ndani ya siku moja au mbili, wakati udongo ni mkavu na unavunjika vizuri. Kwa trekta inawezekana. Kwa jembe la mkono, hata wana-kwaya wote wakijitolea, tuna mashaka. Tena chokaa iliyochomwa huunguza macho na ngozi. Matokeo nayo hutofautiana kulingana na aina ya mfinyanzi, na hata huko serikali huwachangia wakulima gharama.

Wafini wametumia jasi, tani 4 kwa hekta, lakini hawaitumii kwenye mashamba yanayotiririsha maji ziwani, kwa sababu ya salfeti. Kwa sharika za kando ya ziwa hilo halifai.

Kwa hiyo, katika bajeti ijayo tunapendekeza fedha ziende kwanza kwenye makinga maji, majani ya kushika udongo kandokando ya mito, na upimaji wa udongo. Chokaa ya kilimo itanunuliwa pale tu kipimo kitakapoonyesha uchachu. Udongo mweusi wa mbuga mara nyingi hauna uchachu, na kuuongezea chokaa kunaweza kuinyima mimea madini ya zinki.

Kamati zinazotaka kupimiwa zichukue udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba moja, kina cha sentimita 20, zikiepuka vichuguu na mahali palipochomwa moto. Uchanganywe kwenye ndoo safi, uanikwe kivulini, kisha nusu kilo iwekwe kwenye mfuko wenye jina la usharika, jina la shamba na zao lililovunwa mwisho. Tutaipeleka yote pamoja maabara, kabla ya mvua.