Somo: Motokaa Inapoitwa Kiwandani kwa Ajili ya Breki



Msimu wa karafuu ukiwadia, motokaa ndizo miguu yetu. Asubuhi huwapeleka wachumaji mashambani, na jioni huchukua magunia hadi kituo cha mauzo, na juu ya magunia hukaa vijana wetu. Kwa hivyo leo tumeona tuzungumze juu ya breki, na khasa juu ya jambo ambalo wengi wetu hatukulizoea: gari kuitwa irudi kwa aliyeitengeneza.

Maana yake ni nini?

Kiwanda kikigundua kwamba gari zake zina ila ya hatari, hutangaza, na humwandikia mwenye gari ailete itengenezwe bila ya malipo. Japani ina utaratibu huo tangu mwaka 1969.

Tuchukue mfano. Mwezi wa Oktoba 2010 Toyota iliziita gari kiasi cha 1,530,000 duniani, nyingi kwa ajili ya breki. Marekani peke yake zilikuwa kiasi cha 740,000, na miongoni mwake Lexus RX330, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Harrier. Ila ilikuwa katika masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki. Ndani yake mna mpira wa kuyazuia mafuta. Mtu akibadilisha mafuta akatia yasiyokuwa na dawa fulani ya kulainisha, mpira ule huweza kukauka na kujikunja, na mafuta yakavuja kidogo kidogo. Wala hayadondoki chini; huingia katika lile duara la bati lililo nyuma ya pampu. Ukiinama kutazama chini ya gari, huoni hata tone.

Kwa nini latuhusu sisi?

Gari zetu nyingi zimeletwa Unguja baada ya kutumika Japani. Barua ya kiwanda humfuata mwenyewe aliyeandikwa kule. Haivuki bahari kumtafuta aliyeipokea gari bandarini Malindi. Basi kama barua haiji, hapana budi sisi tuulize.

Mambo ya kufanya

1. Nakili namba ya chesisi, iliyomo katika kadi ya gari. Kwa namba hiyo huweza kutafutwa katika ukurasa wa kiwanda kwenye intaneti kama gari imepata kuitwa. Anayetaka kununua naye aulize kabla ya kutoa fedha.

2. Kabla ya kupakia, injini ikiwa inawaka, kanyaga breki kwa nguvu, uhesabu mpaka thelathini. Pedeli ikizama polepole, usipakie.

3. Tazama mafuta ya breki. Yakipungua, usiongeze ukanyamaza. Mwulize fundi yamekwenda wapi.

4. Tia mafuta ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Usitie kamwe mafuta ya injini, kwani huharibu mipira. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kisiwa chetu kina unyevu mwingi. Yafaa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

5. Taa nyekundu ya breki ikiwaka ilhali breki ya mkono imeshushwa, simama.

Msimu uliopita, gari tuliyoikodi ilikuwa ikiteremka na wachumaji, pedeli ikazama. Dereva alirudisha gea, akaiegemeza gari kwenye ukingo wa njia. Magunia mawili yalipasuka, watu wakasalimika. Tulipomwuliza, alisema ile taa ilikuwa ikiwaka siku nyingi. Na sisi tuliopakia hatukuwa tumemwuliza lo lote.

Watu husema ajali haina kinga. Kudura ni ya Mwenyezi Mungu, lakini taa inayowaka siku nyingi ni khabari iliyokwisha kutufikia. Tahadhari kabla ya athari.

Basi kila mwanachama mwenye gari, na kila anayekodi, alete namba ya chesisi ofisini kabla ya uchumaji kuanza. Tutazitafuta pamoja.