Usukani wa Pikapu Ukicheza, Anzia Kwenye Raba

Ukiwa na pikapu kuukuu ya Peugeot 504, siku moja utaukuta usukani unazunguka vidole viwili vitatu kabla tairi hazijaitika. Wa kwanza utakayemwuliza atakwambia tairodi endi zimekwisha. Huenda ni kweli. Lakini kabla hujatoa hela, fungua boneti ufuate shafti ya usukani mpaka inapokutana na reki. Hapo katikati kuna duara la raba lenye kitambaa ndani yake, kwa kawaida limefungwa boliti mbili upande wa juu na mbili upande wa chini. Hiyo ndiyo kaplingi. Inameza mtetemo wa barabara usifike mikononi, na kila unapokata kona, nguvu yote ya mikono yako inapita hapo.

504 ni gari gumu, lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ila pikapu yake ilianza kutoka 1979, kwa hiyo raba ambayo haijawahi kuguswa inaweza kuwa na zaidi ya miaka 30. Kinachoiua ni oili inayovuja, joto la injini na umri wenyewe. Na sisi wa pwani tuna chumvi, inayozigandisha boliti kwenye vyuma vyake.

Pima hivi. Zima injini, tairi zikae chini zikitazama mbele. Mtu akae ndani auchezeshe usukani kidogo, kushoto kulia, nawe weka vidole juu ya kaplingi. Ukihisi chuma cha juu kimeondoka na cha chini bado kimelala, mgonjwa ni raba. Vikienda pamoja na tairi bado zimetulia, shuka kwenye reki na tairodi endi. Tazama nyufa kuzunguka matundu ya boliti, maana raba huanza kuchanika hapo. Honi nayo ina habari: raba haipitishi umeme, hivyo magari mengi ya zamani yana kiwaya cha ethi kinachovuka kaplingi. Kikikatika, honi hunyamaza.

Niliwahi kufungua pikapu ya machungwa kutoka Muheza, imeshabadilishwa tairodi endi mara mbili. Mahali pa kaplingi nilikuta kipande cha tairi kilichokatwa kwa kisu, matundu yametobolewa kwa msumari wa moto, tundu moja limerefuka kama jicho la paka. Dereva alikuwa ametoka kuteremka milima ya Amani na mzigo. Nilikaa chini kwanza, mikono inanitetemeka.

Kwa hiyo nasema wazi: usifunge raba ya kukata. Hata mkanda wa konveya, ambao mafundi wengine huusifu kwa ugumu, umetengenezwa uvutwe kwa urefu, na kaplingi inasokotwa. Ukiikosa kaplingi mpya Tanga, agiza Dar es Salaam au Mombasa, gari lisubiri. Kabla hujaifunga, ilinganishe na ile ya zamani, unene na umbali wa matundu.

Siku ya kazi, weka kabari kwenye tairi za nyuma, chomoa waya hasi wa betri, ufunge usukani kwa kamba usizunguke. Chora alama ya rangi ivuke kutoka shafti hadi kwenye chuma cha kaplingi, juu na chini. Ukiiruka hatua hii usukani utarudi umepinda, na kuna watakaokushauri uunyooshe kwa kuchezea tairodi. Usikubali.

Boliti ya kubana shafti imwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni. Asubuhi itoe yote, usiishie kuilegeza, kwa sababu mara nyingi inapita kwenye mfereji uliokatwa katika meno ya shafti na ndiyo inayozuia isichomoke. Kibanio kikigoma bado, panua mdomo wake taratibu kwa tindo. Usigonge ncha ya shafti kwa nyundo, utaumiza beringi za reki.

Sugua meno kwa brashi ya waya, paka grisi kidogo, rudisha kaplingi ikiwa na raba mpya kwa alama zako. Nunua boliti mpya zilizoandikwa 8.8 au zaidi kichwani, na nati mpya za kujifunga. Kaza kwa zamu, moja hii moja ile. Raba ikae bapa. Ikijipinda kama sahani, shafti imekaa juu mno au chini mno, legeza uipange upya. Kirudishe na kiwaya cha honi.

Kisha inua mbele kwa jeki, uegemeze gari kwenye stendi, zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Hesabu mizunguko kutoka katikati, kushoto na kulia ilingane, na vichwa vya boliti visiguse kitu popote. Nenda safari fupi, kama Tanga hadi Pongwe na kurudi, polepole, bila mzigo. Ukifika, rudi na spana kwenye boliti zote tano sita ulizozigusa, na urudie tena baada ya kilomita 100.