Wapigaji Mashuhuri wa Piano na Mabadiliko ya Upigaji Wao

Wengi wetu tumezoea kinanda cha kwaya, ambacho sauti yake hudumu maadamu kidole kimekaa juu ya kibao na upepo unaingia. Piano sivyo ilivyo. Ndani yake mna nyuzi za chuma. Kibao kikibonyezwa, nyundo ndogo huzipiga nyuzi hizo na kurudi nyuma, na papo hapo sauti huanza kufifia. Kwa hiyo ustadi wote wa mpigaji umo katika namna ya kuupeleka mkono wake. Nataka kueleza kwa ufupi jinsi namna hiyo ilivyobadilika, na sababu zake.

Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori katika mji wa Florence, Italia, yapata mwaka 1700. Kabla yake watu walipiga kinanda kilichodonoa nyuzi kwa vipande vya unyoya. Ukibonyeza kwa nguvu au taratibu, sauti ilikuwa ile ile. Nyundo za Cristofori zilimwezesha mpigaji kunong'ona au kunguruma apendavyo.

Piano za siku za Mozart (1756–1791) zilikuwa nyepesi, na mbavu zake za mti. Vidole peke yake vilitosha kuzipiga, mkono ukiwa umetulia. Tarehe 24 Desemba 1781, mjini Vienna, Kaisari Joseph wa Pili alimshindanisha Mozart na Muzio Clementi. Baadaye Mozart alimwandikia baba yake kwamba Clementi ana vidole vyepesi, lakini ni kama mashine, hana hisia. Tangu siku hizo ubishi huu haujaisha: je, vidole vyepesi vyatosha?

Karne ya kumi na tisa ilileta chuma. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston, Marekani, alipata hataza ya mbavu za chuma za kipande kimoja. Mbavu za namna hii ziliweza kustahimili nyuzi nene zilizokazwa sana, na piano ikasikika katika kumbi kubwa. Mtu aliyezitumia nguvu hizo mpya ni Franz Liszt (1811–1886), Mhungari, ambaye alipiga kwa mkono mzima mpaka begani. Wakati ule ule mjini Paris, Frédéric Chopin (1810–1849), Mpolandi, hakupenda kumbi kubwa; alipiga kwa upole sebuleni kwa watu, na sifa yake ilienea vile vile.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Walimu wengi wa zamani walitaka vidole vyote kumi viwe na nguvu sawa. Mwaka 1814 Johann Bernhard Logier alitoa hata chombo cha kuibana mikono ya mwanafunzi isiende upande. Robert Schumann, alipokuwa kijana, alitumia chombo cha kukaza vidole. Mkono wake wa kulia ukaharibika, ikambidi aache tamaa ya kuwa mpigaji, akawa mtunzi. Mkewe Clara ndiye aliyezipiga tungo zake mbele ya watu, naye alikaa jukwaani zaidi ya miaka 60. Chopin alifundisha kinyume cha hayo: kila kidole kina tabia yake, na mwalimu asiivunje. Aliwaanzisha wanafunzi kwa kuweka vidole virefu juu ya vibao vyeusi vilivyoinuka, na kidole gumba na cha mwisho juu ya vyeupe, ili mkono ukae kama ulivyoumbwa.

Karne ya ishirini ikaleta sahani za santuri. Kati ya 1932 na 1935 Artur Schnabel alikuwa wa kwanza kuzitia katika sahani sonata zote 32 za Beethoven. Sasa mwanafunzi aliye mbali aliweza kumsikia bingwa bila kusafiri. Wako wasemao kwamba sahani ziliwafanya wapigaji wote wafanane. Mimi sikubali kabisa. Glenn Gould wa Kanada aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akabaki na sahani tu. Mwaka 1955 alikuwa amepiga tungo za Bach ziitwazo Goldberg kwa dakika 38 hivi. Mwaka 1981 akazipiga tena, kwa mwendo mwingine na kurudia baadhi ya sehemu, akatumia dakika 51. Mtunzi ni yule yule, mpigaji ni yule yule, maandishi ni yale yale, lakini upigaji si ule ule.

Basi twaona kwamba chombo kilipobadilika, mkono nao ulibadilika. Na ukumbi ulipopanuka, sauti ilikua. Mazoezi hayana budi, kwani hata Chopin aliwataka wanafunzi wake wajizoeze kila siku. Lakini wazazi na walimu wanaomfundisha mtoto chombo chochote wakumbuke mkono wa Schumann. Mazoezi ni ya kuukuza mkono alionao mtoto, si ya kumlazimisha awe na mkono wa mwingine.