Ramani Kabla ya Koleo: Jinsi GIS Inavyosaidia Kusafisha Maeneo Yenye Sumu

Madini ya risasi yakiingia kwenye udongo hayaonekani kwa macho, hayanuki wala hayaozi. Kiwanda kinaweza kufungwa, lakini sumu hubaki ilipotua, na mtoto anayecheza vumbini huila bila mzazi kujua.

Wakazi wa Owino Uhuru, kaunti ndogo ya Jomvu, Mombasa, wanaijua hali hii. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba zao kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo na maji yasafishwe. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Kusafisha mtaa wenye watu kunahitaji kujua sumu iko wapi hasa. Hapo ndipo mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani GIS, unapohitajika.

GIS ni nini?

Ni mfumo wa kompyuta unaounganisha taarifa na mahali zilikotoka. Nyumba, shule, visima, mitaro, miinuko na vipimo vya udongo huwekwa kila kimoja katika safu yake. Safu hizo zikipangwa moja juu ya nyingine, huonekana mara moja kisima kipi kiko chini ya mteremko wenye sumu.

Kazi hufanywaje?

1. Kuchukua sampuli. Udongo huchotwa sehemu nyingi. Mahali, kina na tarehe huandikwa, mahali pakipimwa kwa GPS. Sampuli isiyojulikana ilikotoka haisaidii.

2. Kuchora ramani. Vipimo hupewa rangi kulingana na kiwango cha sumu. Kompyuta hukadiria hali ya sehemu ambazo hazikupimwa. Hayo ni makadirio tu. Penye shaka hupimwa tena.

3. Kupanga pa kuanzia. Uwanja wa shule unaweza kutangulizwa kuliko ploti tupu yenye sumu zaidi, kwa kuwa watoto ndio huathirika sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

4. Kuhakiki. Udongo ukishaondolewa au kufunikwa, hupimwa tena palepale. Ramani ya kabla na ya baada hulinganishwa, kisha huhifadhiwa ili atakayejenga au kuchimba kisima miaka ijayo ajue.

Mkazi ana nafasi gani?

Kompyuta haijui majivu ya kiwanda yalimwagwa wapi usiku, wala mtaro wa zamani ulipita wapi kabla ya kufukiwa. Wenyeji wanajua. Mkazi anayeshuku eneo fulani asiguse udongo wake. Apige picha kwa simu iliyowashwa huduma ya mahali, aandike tarehe na alichokiona, kisha apeleke taarifa kwa ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA.

Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ramani ya sumu iliyo karibu na nyumba yake ni mojawapo ya habari hizo, na ana haki ya kuiomba.