Kufundisha Ulinganishi wa Vipimo kwa Mfano wa Maabara za Oili ya Injini

Katika kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumeona mara nyingi mwalimu akichora jedwali ubaoni, akajaza namba katika safu mbili, kisha akauliza: "Ipi ni kubwa?" Darasa hujibu kwa sauti moja, jedwali hufutwa, na somo la ulinganishi huhesabiwa kuwa limekwisha. Kwa maoni yetu somo hilo halijaanza. Kabla ya kuuliza ipi ni kubwa, hapana budi mwanafunzi aulize kama namba hizo mbili zastahili kuwekwa pamoja. Makala haya yanaeleza namna moja ya kulifundisha jambo hilo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi. Mfano wetu tumeuchukua mbali kidogo, yaani kwa wenye magari ya kusafiria na kulala huko Marekani, kwa sababu kwao swali hili lina gharama inayoonekana.

Magari hayo ni makubwa kama basi, nayo yana vitanda, jiko na bafu ndani yake. Hapa tutayaita magari-nyumba. Mengi huendeshwa kwa injini za dizeli zilezile zinazotumika katika malori, lakini maisha yake ni tofauti na ya lori. Lori halipumziki, ilhali gari-nyumba huweza kukaa miezi mingi limeegeshwa, kisha likasafiri maelfu ya kilomita kwa majuma machache. Injini inapokaa, unyevu hujikusanya na asidi iliyomo katika oili chakavu huendelea kula vyuma. Kwa hiyo mwenye gari hawezi kutegemea kilomita peke yake kuamua oili ibadilishwe lini. Wengi huchukua sampuli ndogo ya oili wakati wa kuimwaga na kuipeleka maabara.

Mbinu hiyo si ngeni. Mwaka 1946 maabara ya kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande ilianza kugundua hitilafu za injini za garimoshi za dizeli kwa kupima metali zilizochanganyika na oili iliyotumika. Leo maabara ni nyingi, na mwenye gari-nyumba ana uhuru wa kuchagua. Baadhi hupeleka sampuli Blackstone, maabara iliyoanzishwa mwaka 1985 katika mji wa Fort Wayne, Indiana. Wenye injini za Caterpillar huweza kuzipeleka kwa wakala wa kampuni hiyo, ambao nao wana maabara zao.

Mwalimu aeleze kazi ya maabara kwa maneno machache. Oili hunyunyizwa ndani ya gesi ya agoni iliyopashwa moto mkali mno, na kila elementi hutoa mwanga wa rangi yake. Wanafunzi wanaweza kuonyeshwa mfano wake: chumvi kidogo ikidondoshewa kwenye mwali wa buluu wa jiko la spiriti, mwali hugeuka manjano kwa sababu ya sodiamu. (Kazi hii aifanye mwalimu mwenyewe.) Chombo kiitwacho spektromita husoma rangi hizo na kutoa namba kwa sehemu kwa milioni. Chuma 22 maana yake ni miligramu 22 za chuma katika kila kilo moja ya oili. Chuma chaweza kutoka katika silinda, risasi na shaba katika beringi, alumini katika pistoni. Silikoni ikizidi, mara nyingi ni vumbi lililopita chujio la hewa. Sodiamu na potasiamu zaweza kuonyesha kwamba maji ya rejeta yameingia katika oili.

Sasa jedwali liandikwe ubaoni. Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya zoezi. Mwenye gari amechukua oili ya injini moja, siku moja, akaikoroga vizuri, akaigawa katika chupa mbili. Maabara A imejibu: chuma 22, shaba 6, silikoni 9, mnato 14.1, akiba ya besi 6.8. Maabara B imejibu: chuma 26, shaba 5, silikoni 10, mnato 14.3, akiba ya besi 4.9.

Darasa litasema upesi kwamba maabara moja imekosea. Mwalimu asilikatae jibu hilo wala asilikubali. Aliache ubaoni, kisha awatoe wanafunzi nje wakapime wenyewe.

Vifaa vyapatikana popote: makopo mawili ya ukubwa mmoja yaliyotobolewa chini kwa msumari mmoja, vikombe, saa yenye mshale wa sekunde, na mafuta ya alizeti. Oili chakavu ya gereji isitumike kamwe, maana ina vitu vinavyodhuru ngozi na vinavyoweza kuleta saratani. Kwa somo hili mafuta ya kula yanatosha kabisa. Kila kundi lipime muda ambao kikombe kimoja cha mafuta huchukua kutiririka kupitia tundu la kopo lake. Kundi moja liweke mafuta yake juani, la pili kivulini, bila kuambiwa sababu. Kila kundi lipime mara tatu na kuandika majibu yote matatu, hata yale yasiyolipendeza.

Hapo ndipo ubishi huanza, na twawasihi wanachuo wasiuzime mapema. Kundi la juani litapata muda mfupi zaidi, kwa kuwa mafuta yenye joto hutiririka upesi. Litadai kwamba wenzao hawajui kusoma saa. Mwalimu aulize maswali mawili tu. Kwanza: katika majibu matatu ya kundi lenu wenyewe, je, yamelingana? Hayatalingana. Pili: tofauti kati yenu na wenzenu ni kubwa kuliko tofauti iliyomo ndani ya kundi lenu? Kisha makundi yabadilishane makopo, na mwishowe yapime mafuta yaliyokaa mahali pamoja. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba sehemu ya tofauti ilitokana na joto, sehemu na tundu, na sehemu nyingine na mkono wa anayepima, ambayo haiondoki hata ufanye nini. Maabara nazo zaijua hali hii. Vipimo vyao sanifu hutaja kiasi cha tofauti kinachotarajiwa maabara moja ikirudia kipimo, na kiasi kingine, kilicho kikubwa zaidi, kati ya maabara mbalimbali.

Wakirudi kwenye jedwali, mnato utakuwa umeeleweka. Oili ya dizeli ya daraja la 15W-40 yaweza kuwa na mnato wa takriban 115 katika nyuzi 40 za Selsiasi, na takriban 15 katika nyuzi 100. Mtu akilinganisha namba ya nyuzi 40 na ya nyuzi 100 atadhani oili imeharibika, kumbe ni oili ileile. Maabara nyingine huandika mnato kwa nyuzi 210 za Farenhaiti, na kwa kizio kingine kabisa. Wanafunzi wakokotoe: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9, watapata karibu 98.9.

Tofauti kubwa zaidi katika jedwali letu ni ya akiba ya besi, yaani uwezo uliobaki wa oili kuzimua asidi: 6.8 dhidi ya 4.9. Hapa huenda hakuna aliyekosea. Kipimo hiki kina njia mbili zinazotumika sana, ambazo hutumia asidi tofauti, na kwa oili iliyotumika njia moja kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko nyingine. Anayesoma namba bila kusoma jina la njia anaweza kuimwaga oili iliyo nzima, au kuendelea na iliyochoka.

Kwa darasa lenye uwezo, mwalimu aongeze habari hii. Mwaka jana mwenye gari alipeleka sampuli Maabara A baada ya kilomita 10,000, akapata chuma 15. Sampuli ya mwaka huu ni ya kilomita 16,000. Kwa kila kilomita 1,000, mwaka jana ilikuwa 1.5. Mwaka huu, kwa namba ya A, ni 1.375, kwa namba ya B, ni 1.625. Basi kwa maabara moja injini imepata nafuu, na kwa nyingine imezidi kulika, ilhali oili ni moja! Kufungua injini ya namna hiyo ni gharama kubwa mno, na kuiacha ikiwa mbovu ni kuhatarisha familia kukwama njiani. Isitoshe, spektromita haioni vizuri vipande vinavyozidi takriban maikroni 10, hivyo injini inayomeguka vipande vikubwa yaweza kuleta majibu mazuri. Ndiyo sababu mafundi hukata chujio la oili na kulitazama kwa macho.

Swali la mwisho liwe la kuandika: "Mwenye gari afanye nini?" Wapo watakaosema aamini maabara yenye bei kubwa, mwalimu awaulize bei imeingiaje katika jedwali. Wapo watakaotafuta wastani wa A na B. Kwa chuma jibu hilo lavumilika, bali kwa akiba ya besi halina maana, kwani huenda njia zilikuwa mbili. Anayesema mwenye gari abaki na maabara moja, apeleke sampuli nyingine mapema, na akate chujio wakati huohuo, amefikiri vyema. Na anayeandika tu, "Aziulize maabara zote mbili zimetumia njia gani," apewe alama zote, hata kama hakukokotoa chochote.