Sanduku la Babu Mwanamaji Msiligombanie

Mdogo wangu, keti tuongee. Najua hali ilivyo. Mzee amezikwa, matanga yameisha, mmelivuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda. Ndani kuna kofia yenye alama ya nanga, nishani mbili zenye utepe uliofifia, dira ya shaba nyeupe, picha ya vijana wenye kaptura nyeupe wamesimama mbele ya meli, na cheti cha Kiingereza kilichokunjwa mpaka kikachanika kwenye mikunjo. Kaka mkubwa anasema viuzwe. Shangazi anasema vitu vya vita vina mikosi, vitupwe ziwani. Na wewe umeshikwa na uchungu, hulali. Usijione mjinga wala mkosefu. Nyumba nyingi zimepitia hapo.

Kwanza usikubali maneno ya wanaosema mambo ya manowari ni ya watu wa pwani, sisi wa Kamembe hapa Rwanda yanatuhusu nini. Yanatuhusu! Kwenye ziwa letu hili la Kivu, Septemba 1914, Wajerumani walivuka maji wakawanyang'anya Wabelgiji kisiwa cha Ijwi. Aprili 1916 Wabelgiji nao wakavuka mto Rusizi wakaingia Cyangugu. Ile meli kubwa ya Wajerumani pale Kigoma ilipewa jina la Götzen, mzungu yule yule aliyepita Rwanda mwaka 1894 akaonana na Mwami Rwabugiri. Na nani hapa mjini hana ndugu Ujiji, Bujumbura, Bukavu au Mombasa? Vijana wa Afrika Mashariki waliandikishwa katika jeshi la majini la Waingereza lililokuwa na makao Mombasa hadi lilipovunjwa mwaka 1962. Kwa hiyo babu kuwa na kofia ya nanga si ajabu hata kidogo.

Sasa nikukaripie kidogo. Msigawane vitu hivyo kama nyama ya sadaka, huyu nishani, yule cheti, picha iende kwa binamu aliyeko Brussels. Mkifanya hivyo mmemfuta mzee. Sikia kwa nini. Nishani nyingi za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza zilichongwa jina na namba ya askari kwenye ukingo, hivyo ukiigeuza ukaitazama kwenye mwanga utaliona. Lakini zile za Vita ya Pili ambazo Uingereza iliwapa askari wake nyingi zilitolewa tupu, bila jina. Mkiitenganisha nishani kama hiyo na kile cheti, hakuna mtu duniani atakayejua ilikuwa ya nani. Cheti chakavu mnachokidharau ndicho kinachoipa ile nishani mdomo. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee walishasema.

Basi daftari ndilo la kwanza, kabla ya kumtafuta mnunuzi, kabla ya kuandikia jumba lolote la makumbusho. Kaa na bibi. Muulize alioana na mzee lini, mzee alikuwa wapi kabla ya hapo, meli iliitwaje, na wale vijana kwenye picha ni akina nani. Andika majina nyuma ya picha kwa penseli laini, kalamu ya wino hapana, inapenya. Kisha piga picha kila kitu kwa simu, mbele na nyuma, kila ndugu apate nakala yake. Utashangaa jinsi ugomvi unavyopoa kila mmoja akishakuwa na sura ya babu mkononi.

Na tafadhali, acha kung'arisha! Najua mkono unawasha. Ndimu na majivu vinakula maandishi, na ukishayasugua hayarudi. Vyeti usivibandike utepe wa gundi. Vifunge kwa kitambaa safi cha pamba, uviweke juu, mbali na panya na unyevu wa ziwa. Mkikuta risasi au kitu chochote kinachofanana na bomu, hilo si urithi. Msikiguse, waiteni polisi siku hiyo hiyo.

Kuuza si dhambi, mdogo wangu, maisha ni magumu na ada za shule hazingoji. Ila ukimpelekea mnunuzi wa chuma chakavu, dira ya babu itawekwa kwenye mizani na utalipwa shaba kwa kilo. Na usimkabidhi dalali anayetaka kuivusha mpaka jioni hiyo hiyo. Anayekuharakisha ana sababu yake. Vitu vya kale kabla ya kutoka nchini, waulize kwanza Inteko y'Umuco, taasisi ya urithi wa utamaduni ya Rwanda.

Makumbusho je? Peleka mahali ambapo habari ya mzee inaeleweka. Kama alitumikia Mombasa, kuna Fort Jesus. Pale kuna mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, na kuna mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Maadui wawili, ua mmoja. Kama habari yake ni ya Wajerumani hapa kwetu, iko Nyumba ya Kandt jijini Kigali. Lakini usipande basi na sanduku kichwani. Tanguliza barua na picha. Wakikataa, msione mmetukanwa. Ghala zao zinajaa, na kila jumba lina mambo yake linayoyakusanya. Wakikubali, uliza waziwazi: ni zawadi au ni amana? Jina la mzee litaandikwa? Wajukuu wataruhusiwa kuviona hata vikiwa ghalani? Maana vingi hukaa ghalani, usije ukaenda na watoto ukarudi unalia. Majibu yawe kwenye karatasi yenye sahihi, na ndugu wote waliorithi watie zao. Msipofanya hivyo, miaka kumi baadaye mtaitana mwizi.

Mimi kwa maoni yangu, kama kuna mmoja wenu anayevipenda kweli, mwenye nyumba isiyovuja na mtoto anayeuliza maswali, vikae kwake, vyote pamoja na lile daftari. Hapo napo panatosha, hata kama hakuna kioo wala taa.

Lakini hayo ya baadaye. Bibi bado yupo na bado anakumbuka majina. Nenda kwake leo na penseli, halafu ndipo uniandikie tena.